Mnyama wa Tisa Mgongoni mwa Koti

Zhenhu, 23 Septemba 2018

Shangazi Mingxia,

Habari za Shanghai, na habari za hilo bega lako linalokuuma? Sisi huku hatujambo. Xiaoman ametimiza miezi minne juzi, na ameanza kucheka kwa sauti, hasa akimwona paka. Dehai yuko ziwani wanatengeneza vizimba vya kaa kabla msimu haujafunguka, anarudi Jumapili ananuka matope mpaka masikioni. Mama mkwe mgongo bado unamsumbua tangu alipoteleza kwenye ngazi za mfereji. Bibi anakula vizuri. Macho yake ni yale yale: mwanga wa dirisha anauona, kivuli cha mtu anakiona, basi. Anasema nikwambie wewe mwanawe wa Shanghai unenepe kidogo.

Nakuandikia kwa karatasi, usinicheke. Simu yangu Xiaoman ameigeuza chuchu ya pili, na ujumbe wa sauti nikikutumia unausikiliza huku unakimbilia kikao. Karatasi utaikuta ndani ya boksi. Itabidi ukae.

Ile nakala ya wino ya mgongo wa kioo cha shaba cha kujitazamia imefika salama. Niliitandaza mezani nikasahau hata chai. Miaka elfu na zaidi, na wale wanyama bado wanabiringika kwenye mizabibu kama watoto kwenye nyasi! Saba wanazunguka, wa nane amejikunja katikati, ndiye kifundo cha kupitishia kamba. Nimeelewa unachotaka: mgongo wa kioo uwe mgongo wa koti, na huyo wa nane akae katikati ya mabega.

Mama mkwe akapita.

"Hiki kimetoka wapi?"

"Makumbusho, Mama."

"Na makumbusho wamekitoa wapi?"

Nikaendelea kunyoosha pembe za karatasi.

"Kaburini," akajijibu mwenyewe. "Toa. Humu mna mtoto hajafika mwaka."

Basi wanyama wako wanalala kibandani pamoja na baiskeli.

Kazi nitaifanya, lakini nina maneno mawili. Rangi ya kijani uliyonichagulia siitaki. Hiyo ni kutu, rangi iliyokipata kioo kikiwa chini ya udongo na maiti. Siku msichana wa enzi hizo alipokabidhiwa kile kioo, kilikuwa cheupe, kinang'aa kama tumbo la samaki. Nishone kioo cha aliye hai. Nimekuwekea kipande cha mfano, ukubwa wa kiganja. Nimetumia uzi wa kijivu wa aina moja tu, nimeupasua mara kumi na sita, nikawa nageuza mwelekeo wa sindano. Kisogeze dirishani uone.

La pili ni jina. Tangu niolewe nimeshona shali na mito na picha za paka, zote zimeuzwa kwa jina la duka. Hili koti nataka liwe na jina langu. Nikikosa hilo mtafute mwingine, na sitakununia.

Kesho ni sikukuu ya mwezi. Bibi amekuwekea keki moja, anasema utaikuta imekuwa jiwe.

Peiling wako


Shanghai, 2 Oktoba 2018

Peiling mwanangu,

Nimekaa, kama ulivyoamuru. Bega halijambo, namshukuru mchuaji wangu kipofu wa mtaa wa pili. Kunenepa sinenepi, mwambie Mama hapa watu wanakula majani kama sungura na wanayalipia.

Msikilize mtoto huyu! Nimekuita unisaidie, unaniletea masharti. Lakini kile kipande, Peiling. Nilikiweka mbele ya mkurugenzi wa nyumba yetu ya mavazi bila kusema neno. Alikipeleka dirishani, akakigeuza, kikawa cheupe, akakigeuza, kikawa cheusi. Akauliza, "Nyuzi za rangi ngapi?" Nikamwambia moja. Akakirudia tena. Kijani kimekufa siku hiyo hiyo. Akauliza nani ameshona, nikamwambia mtu wa kwetu.

Sasa sikia. Maonyesho ni tarehe 28 Machi. Kipande cha mgongo kiwe mikononi mwangu kabla ya tarehe 25 Januari, mafundi wapate muda wa kukiunga na koti. Kikichelewa, kuna karakana ya mashine imeshaleta mfano wake, na mkurugenzi hana subira. Ninakubana kwa sababu miaka kumi na moja nimechora mavazi yakatoka kwa majina ya wengine. Haya ya vioo vya shaba ni ya kwanza yatakayotoka kwa jina langu.

Satini nyeusi nimekuwekea, mita mbili. Na ndege wa kitambaa ni wa Xiaoman. Mlinde na paka.

Shangazi yako


Zhenhu, 11 Novemba 2018

Shangazi,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima. Xiaoman jino la kwanza limechomoza, ananyonya kama anayelipiza kisasi. Alipata vipele kwa nepi za dukani, tumerudi kwenye za kitambaa, ngozi yake sasa iko safi. Mama mkwe hawezi kuinama bado. Dehai tunamwona mara moja kwa wiki, kaa ndio wakati wao huu. Hawa kumi na wawili amekuchagulia mwenyewe, majike sita na madume sita, wamefungwa vizuri. Wakifika wapike siku hiyo hiyo.

Satini nimeiwamba kwenye fremu karibu na dirisha la kaskazini. Nimemaliza mnyama mmoja. Najua ni kidogo. Mvua imenyesha, mwanga ulikuwa mbaya, na jino lilituchosha.

Bibi aliniomba nimsomee barua yako, nikamsomea. Mahali unaposema mkurugenzi alikwenda dirishani akanirudisha mara tatu. Halafu akaniuliza, "Na kuhusu jina, amesema nini?"

Nikamwambia karatasi imeishia hapo. Hukunijibu, Shangazi.

Peiling


Shanghai, 19 Novemba 2018

Peiling,

Kaa walifika wakiwa hai na hasira. Niliwala wanne nikiwa nimesimama jikoni, nikalia kidogo kwa utamu, wengine nikawagawia wenzangu kazini. Mwambie Dehai mkono wake wa kuchagua ni mzuri.

Mnyama mmoja kwa wiki sita? Wewe? Ulikuwa unamaliza paka mzima na masharubu yake kwa siku nne. Nakujua tangu unalala miguuni kwangu kitanda kimoja, usinidanganye kwa mvua. Kuna nini?

La jina tutazungumza.

Mingxia


Zhenhu, 22 Januari 2019

Shangazi,

Habari za baridi? Huku mabomba yaliganda siku mbili. Bibi mzima, Xiaoman anakaa mwenyewe bila mto. Dehai amerudi nyumbani moja kwa moja mpaka majira ya kuchipua.

Kazi ndiyo hii. Nimeizungushia mianzi miwili isikunjike, juu karatasi, juu pamba. Ikifunguliwa afungue mtu aliyekata kucha.

Usiniulize nilichelewa kwa nini. Imefika.

Nimechoka, Shangazi, lakini uchovu wenyewe ni ule wa kulala vizuri.

Peiling


Shanghai, 29 Januari 2019

Peiling mwanangu,

Mwaka mpya unakaribia, mwambie Mama mwaka huu sitaweza kuja, tunafanya kazi mpaka siku yenyewe. Namtumia koti la pamba. Lile jeusi alilonalo nilimwona nalo nikiwa shule.

Kazi ni nzuri kuliko kile kipande. Koti lilipovalishwa kwenye sanamu, mafundi waliacha mikasi. Halafu mimi nikahesabu. Peiling, wanyama ni tisa! Chini ya tumbo la yule wa tatu kuna kijinyama kidogo kimemng'ang'ania. Kwenye nakala hakipo. Makumbusho wametupa ruhusa ya kioo chenye wanyama wanane, na kitabu cha maonyesho kimeshaandikwa wanane. Lazima afumuliwe. Naweza kumpa fundi wa hapa, lakini nani atafumua hariri iliyopasuliwa hivyo bila kuacha tundu? Nitalirudisha koti kwako pamoja na wageni.

Wageni wenyewe ni hivi. Tarehe 16 Februari wanakuja watu wawili wa kupiga filamu fupi ya kazi ya mikono. Mkalishe Mama mbele ya fremu, mvalishe vizuri, ashike sindano nusu saa tu. Asiongee sana. Nyumba yetu inataka koti la mwisho la maonyesho liwe kazi ya mtu mwenye cheti cha fundi mkuu, na Mama cheti anacho. Niliwaambia ni kazi yake tangu Oktoba. Ningesemaje? Kwamba ni ya msichana wa miaka ishirini na sita mwenye nepi begani? Wangelipeleka kwenye mashine kesho yake.

Mwakani tutafanya lako. Nakuomba.

Shangazi yako


Zhenhu, 9 Februari 2019

Shangazi Mingxia,

Heri ya mwaka mpya. Tulikuwekea bakuli na vijiti mezani kama kila mwaka. Bibi amevaa koti ulilomtumia, anasema halina uzito, anahisi yuko uchi. Xiaoman alipewa bahasha nyekundu ya pesa za mwaka mpya akaila pembe.

Barua yako nilimsomea Bibi, lakini ya wageni niliruka. Nilimwambia kuna watu wanakuja kupiga picha ufundi wa sindano wa Zhenhu, basi. Sikuona ni mimi wa kumwambia hayo mengine.

Sasa nikueleze yote, kwa sababu nimeona kila mmoja wetu ameficha lake na hakuna aliyepumzika.

Mama mkwe alipoumia mgongo na Dehai akiwa ziwani, nepi nilifua mimi. Kila siku, kwa maji baridi. Kufikia Oktoba mikono yangu ilikuwa kama maganda ya mti. Unajua maana yake. Hariri iliyopasuliwa mara kumi na sita huioni, unaihisi, na ngozi ikiwa na mkwaruzo mdogo tu inaunasa uzi na kuukata. Yule mnyama wa kwanza nilimfumua mara tatu. Nilikuwa nakaa mbele ya dirisha najiambia, Peiling, mkono umekwisha, umekuwa mama wa jikoni. Sikukwambia kwa sababu ungempa mwingine kazi. Kwa hiyo mvua yote ile niliyokuandikia ilinyesha kwenye mikono yangu.

Nikaanza kujipaka mafuta ya nguruwe, yale anayoyakaanga mama mkwe, ninafunga mikono kwa soksi za pamba. Paka alinipenda kuliko wakati wowote. Mikono ikaanza kulainika, nikaongeza kasi, nikamaliza wa pili, wa tatu. Siku moja mwezi wa Desemba Xiaoman akalia, nikaenda, nikarudi, nikasahau kunawa. Nikaegemeza kiwiko cha mkono kwenye satini. Doa, Shangazi. Ukubwa wa mbegu ya tikiti, chini ya tumbo la yule wa tatu, mahali ambapo mchoro wako umeacha peusi patupu.

Nikajaribu unga wa chaki. Nikajaribu pasi juu ya karatasi. Likapungua, halikwisha. Siku mbili sikugusa sindano. Siku ya tatu nilikuwa nimekaa pale pale na Xiaoman tumboni kwangu, ameshika blauzi kwa ngumi zote mbili kama anaogopa nitauzwa, nikamwangalia, nikajua nitashona nini juu ya lile doa.

Sikumweka kwa ujanja tu. Ndiye mnyama niliyemshona bila kufumua hata mara moja.

Wiki hiyo hiyo Bibi alipokea chai, akaushika mkono wangu badala ya kikombe. Akauzungusha.

"Nani anafua humu ndani?"

"Mimi, Bibi."

"Na mumeo mikono yake ni ya pambo?"

Babu yangu, yaani baba yako, alifua miaka thelathini ili Bibi ashone, bila shaka wewe unakumbuka, mimi nilisikia tu. Jumapili ile Dehai alikalishwa. Tangu hapo anafua na kuanika yeye. Wenzake wa kaa wanamwita bibi harusi. Anawaambia njooni mjifunze, mtaolewa.

Kwa hiyo majibu yangu ni haya. Simfumui yule mdogo. Akitoka yeye, litaonekana doa, na hata lisingeonekana nisingemtoa. Bibi kushika sindano asiyoiona mbele ya watu ili waseme ameshona, hilo silikubali, ni kumfanya sanamu. Na jina ni langu. Wewe mwenyewe umeniandikia umekaa miaka kumi na moja chini ya majina ya wengine. Uliumia. Kwa nini unilaze pale pale ulipotoka?

Sikuandikii kwa hasira. Nilikasirika jana, leo nimefua roho. Wazuie wageni.

Peiling


Zhenhu, 18 Februari 2019

Shangazi,

Hukujibu, na wageni walikuja.

Habari za nyumbani kwanza: wazima wote. Xiaoman anatambaa kinyumenyume.

Walikuja saa nne asubuhi, dada mmoja mwenye nywele fupi na kaka mwenye kamera, na koti lenyewe ndani ya sanduku kubwa kama keki ya harusi. Bibi alikuwa ameshachana nywele tangu alfajiri, amejipaka hata mafuta ya maua. Nilipotaka kumvuta pembeni nimwambie, Xiaoman akaanza kupiga kelele ya njaa, na nilipokwisha kumfungulia blauzi, Bibi alikuwa ameshakalishwa mbele ya koti na dada ameshamwekea sindano vidoleni. Nikasimama mlangoni, mtoto kifuani, najua nataka kusema na sijui nianzie wapi.

Dada akamsalimu kwa heshima zote. "Fundi Shen, kioo cha zamani kina wanyama wanane. Wewe umeweka tisa. Ulikuwa unafikiria nini?"

"Tisa?" Bibi akasema.

"Tisa, Fundi. Nimehesabu."

Bibi akatua sindano. Akapeleka kidole kwenye koti, akaanza kutembea nacho, mnyama mmoja mmoja, taratibu, utadhani anahesabu kuku bandani. Kaka wa kamera akasogea. Kidole kikafika kwa yule wa tatu, kikashuka tumboni, kikasimama. Kikazunguka. Bibi akatabasamu.

"Peiling," akaniita, "huyu mdogo umemtoa wapi?"

Mama mkwe alikuwa anamenya mzizi wa yungiyungi, kisu kikasimama hewani.

"Fundi," dada akasema polepole, "si wewe uliyeshona?"

"Mimi? Binti yangu, mwaka wa sita huu sijakiona hata kijiko changu. Mchuzi ninautafuta kwa pua. Mwenye kazi ni yule pale mlangoni anayenyonyesha."

Kaka wa kamera akacheka, akajiziba mdomo. Dada akanigeukia. Blauzi yangu ilikuwa na maziwa na uji, nywele sijui zilikuwaje.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi njoo ukae hapa."

"Subiri amalize."

Wakasubiri, Shangazi. Mama mkwe akawapa chai, akawaambia bila kuulizwa, "Wajukuu wa nyumba hii wananyonya polepole." Nilipomaliza nikanawa mikono mara mbili, nikakaa, nikawaonyesha jinsi uzi unavyopasuliwa. Dada akaniuliza habari za yule mdogo. Nikamweleza doa na mafuta ya nguruwe na yote. Hakuacha kuandika.

Walipoondoka Bibi akaniuliza, "Mingxia aliwaambia ni mimi?"

Nikamwambia ndiyo.

Akakunja ukingo wa koti jipya ulilomtumia. Kisha akasema, "Mjinga. Angesema ni mtoto wa kaka yake, angepungukiwa nini?" Akaomba chai nyingine. Kwa hiyo hasira hana, ila ujue anajua.

Sijui wamekufanyaje huko. Niandikie hata mstari.

Peiling


Shanghai, 14 Machi 2019

Peiling mwanangu,

Natumai Xiaoman ameshajua mbele ni wapi. Bega limerudi kuuma. Sikuandika kwa sababu nilikuwa nasubiri nipate la kujitetea, na sijalipata.

Walinifanya hivi. Mkurugenzi aliniita, akanionyesha filamu, Mama anahesabu kwa kidole, wewe mlangoni. Akaitazama mpaka mwisho. Akasema, "Umenidanganya miezi mitano." Nikasema ndiyo. Koti limeondolewa mwisho wa maonyesho, litatoka la kumi na moja, katikati, na heshima ya koti la mwisho amepewa mwenzangu. Kitabu kimechapwa upya: wanyama tisa. Makumbusho walipigiwa simu, mzee wao mmoja akacheka, akasema mafundi wa zamani nao walikuwa wanaongeza nyuki na vipepeo kadiri walivyopenda, na pengine na wao walikuwa na madoa yao. Kwenye kadi ya koti kuna jina langu kwa mchoro, chini yake lako kwa sindano. Dada wa filamu alikataa kubadilisha hata neno.

Kile ulichoniuliza, kwa nini nikulaze pale pale nilipotoka, nimekaa nacho mwezi mzima. Nilifanyiwa nikajua linavyofanywa, ndiyo sababu lilikuwa rahisi. Nilijiambia ni kwa ajili yako, koti lisiende kwenye mashine. Lilikuwa kwa ajili yangu. Nisamehe. Mama nitamwomba msamaha kwa mdomo wangu, siyo kwa wewe kumsomea.

Kuna fomu ndani ya bahasha hii, ya kumbukumbu za nyumba yetu. Ijaze wewe mwenyewe. Na mkurugenzi anauliza kama utakubali kuja Shanghai, kazi ya kudumu, chumba kipo. Nimeahidi kukuuliza, nimekuuliza.

Shangazi yako, kama bado


Zhenhu, 31 Machi 2019

Shangazi Mingxia,

"Kama bado" ni maneno gani hayo? Ulinifundisha kushika sindano kabla sijajua kushika kijiko. Bado, na utaendelea.

Huku ni kuzuri. Mizabibu ya jirani imeanza kutoa macho, Dehai amerudi ziwani lakini kabla hajaondoka amenunua mashine ya kufulia, akaibeba mgongoni kutoka barabarani mbele ya watu wote. Mama mkwe ameanza kuinama. Xiaoman anakwenda mbele sasa, na hakuna kitu cha chini kilicho salama.

Maonyesho tuliyaangalia kwenye simu, sote watano kichwa kwa kichwa. La kumi na moja likatoka. Yule msichana anatembea kama anayekimbilia basi! Mgongo wake niliuona sekunde nne.

"Nne?" mama mkwe akasema. "Miezi minne ya sindano, sekunde nne? Mwambie arudi!"

Tukarudisha. Tukarudisha tena. Alipogeuka pale mwisho, mwanga ukapita juu ya wale wanyama, kijivu kikawa cheupe, kama samaki anavyojipindua chini ya maji. Bibi akauliza, "Limegeuka?" Nikamwambia limegeuka. "Vizuri," akasema, "basi uzi umelala sawasawa." Hakuhitaji zaidi, na mimi nilijikuta sihitaji zaidi.

Shanghai siendi. Usinishawishi. Dirisha langu liko hapa, Bibi yuko hapa, Dehai na kaa wake wako hapa, na huyu anayekula bahasha yuko hapa. Mwambie mkurugenzi nitashona kipande kimoja kwa mwaka, nikiwa nyumbani, kwa muda nitakaoutaja mimi, na mchoro nitauona kabla ya kukubali. Akikataa, shali za duka zipo. Lakini nadhani hatakataa. Nilimwona kwenye filamu ya maonyesho, jina lake limeandikwa chini ya picha, amesimama pembeni, anatazama mgongo wa koti na wala si uso wa msichana.

Wewe njoo Ijumaa ijayo tukasafishe kaburi la Babu. Bibi hajasema njoo. Amesema tuloweke mchele wa watu sita.

Fomu yako ilikaa juu ya kabati wiki mbili, naizunguka tu. Leo asubuhi mtu wa vifurushi akapiga simu kwamba anapita, nikaishusha. Ina mistari mingi: mahali, mwezi, aina ya uzi. Nikaijaza yote haraka, nikabakiza mmoja, ulioandikwa "fundi". Mama mkwe akaja kusimama nyuma yangu na Xiaoman kiunoni.

"Andika taratibu," akasema. "Ukikosea watatuletea nyingine baada ya mwezi."

Nikaandika Gu Peiling. Nikaipulizia mpaka wino ukakauka, nikampa mtu wa vifurushi dirishani, nikaenda kukoroga uji.

Peiling